Jinsi ya Kutafuta Vyanzo vya Msingi vya Historia ya Marekani Mtandaoni

Kila mwaka, wanafunzi wanapopewa kazi ya kuandika kuhusu utumwa, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe au harakati za haki za raia nchini Marekani, maswali yale yale hunirudia: nyaraka zenyewe ziko wapi, ni za kulipia au za bure, na nitajuaje kama hii niliyoipata ni ya kweli? Nimeona ni heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata ninapoketi kutafuta.

Chanzo cha msingi ni kile kilichoachwa na watu wa wakati ule wenyewe: barua, shajara, gazeti, sheria, picha, daftari la sensa, mahojiano. Kitabu cha mwanahistoria anayeeleza mambo hayo baadaye ni chanzo cha upili. Nadharia na ikomee hapo, kwa sababu kinachowakwamisha wengi ni utafutaji wenyewe.

Katika maelezo haya nitatumia mfano mmoja mara kwa mara. Tarehe 7 Agosti 1865, miezi michache baada ya vita kwisha, Jourdon Anderson, aliyekuwa mtumwa huko Tennessee na kisha akahamia mji wa Dayton, Ohio, alimjibu kwa barua bwana wake wa zamani, Kanali P. H. Anderson, aliyekuwa amemwomba arudi kumfanyia kazi. Barua hiyo ilichapishwa magazetini mwezi ule ule, na leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma kwenye ukurasa ule ule waliousoma watu wa mwaka 1865.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta, ikiwezekana. Simu inafaa kwa kutafuta, lakini ukurasa wa gazeti la zamani una safu sita au zaidi za maandishi madogo, na kuusoma kwenye kioo cha simu ni kuyatesa macho.
- Bando la kutosha, au mtandao wa maktaba au chuo. Picha za nyaraka ni nzito.
- Daftari, la karatasi au la kompyuta, la kuandikia kila neno ulilotafuta na mahali ulipolitafuta.
- Kiingereza cha kusomea na kamusi nzuri. Sehemu kubwa ya nyaraka hizi iko katika Kiingereza, tena cha zamani.
- Akaunti ya bure ya familysearch.org, iwapo utahitaji kumbukumbu za sensa.

Huhitaji kadi ya benki. Tovuti ikikudai malipo kwa waraka wa serikali ya Marekani, kwanza angalia kama waraka huo huo haupo bure kwenye hifadhi ya taifa, kwa maana mara nyingi upo.

Hatua ya 1: Geuza mada kuwa swali

"Utumwa Marekani" ni mada, na ukiiandika kwenye sanduku la kutafutia utaletewa mamilioni ya kurasa ambazo karibu zote ni maelezo ya watu wa leo. Swali ni kama hili: watu waliotoka utumwani waliwadai nini mabwana wao wa zamani mwaka 1865? Ukishapata swali, jiulize mambo mawili ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote: ni nani wakati ule angeweza kuliandika jambo hili, na karatasi yake ilibaki mikononi mwa nani? Kwa swali letu, walioandika ni waliokuwa watumwa wenyewe au watu waliowaandikia, maofisa wa serikali waliopokea malalamiko yao, na wahariri wa magazeti. Karatasi zao zilibaki katika hifadhi ya taifa, katika vyuo vikuu na katika maktaba zilizotunza magazeti. Umeshajua pa kwenda kabla hujabonyeza kitu chochote.

Hatua ya 2: Kusanya majina, mahali na tarehe

Hifadhi za nyaraka zimepangwa kwa majina ya watu, ofisi, miji na miaka, wala si kwa mawazo. Soma kwanza chanzo kimoja au viwili vya upili na utoe humo majina. Wikipedia inafaa kwa kazi hii, mradi isije kuwa ndiyo rejea yako ya mwisho. Kwa mfano wetu andika: Jourdon Anderson, mkewe Mandy, P. H. Anderson, Big Spring, Tennessee, Dayton, Ohio, Agosti 1865. Andika pia tahajia nyingine za jina, kwa kuwa makarani wa zama zile waliandika walivyosikia. Anayeitwa Jourdon kwenye gazeti anaonekana kama Jordan kwenye kumbukumbu nyingine, na mtafutaji anayeng'ang'ania tahajia moja humkosa mtu ambaye yupo.

Hatua ya 3: Chagua hifadhi inayolingana na swali lako

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu huanza na injini ya utafutaji ya kawaida badala ya kuingia moja kwa moja ndani ya hifadhi. Hizi ndizo ninazozitumia zaidi.

Maktaba ya Bunge la Marekani, loc.gov, ndiyo ya kuanzia kwa karibu kila mada. Humo mna karatasi za Abraham Lincoln, Frederick Douglass na Rosa Parks, picha za miaka ya mdororo wa uchumi, ikiwemo ile ya Dorothea Lange ya mama mhamiaji na watoto wake ya mwaka 1936, na mkusanyiko wa magazeti uitwao Chronicling America, wenye kurasa zaidi ya milioni 20 kuanzia karne ya 18 hadi mwaka 1963. Humo pia mna simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliozaliwa utumwani, zilizokusanywa kati ya 1936 na 1938. Nitazirudia katika hatua ya 7, kwa sababu zina mtego.

Hifadhi ya Taifa, archives.gov, hutunza kumbukumbu za serikali kuu: sheria zilizotiwa saini, mikataba, faili za jeshi, barua za mabalozi. Katalogi yake ni kubwa na kwa mgeni inatisha kidogo. Anza na sehemu yake iitwayo DocsTeach, iliyotengenezwa kwa ajili ya walimu, ambamo nyaraka zimechaguliwa na kuelezwa. Fahamu kwamba sehemu ndogo tu ya kilichomo katika hifadhi hiyo ndiyo imeshapigwa picha, hivyo kuona jina la faili kwenye katalogi si hakikisho kwamba utaweza kulifungua.

Kwa waasisi wa taifa hilo, yaani Washington, Franklin, Adams, Jefferson, Hamilton na Madison, nenda founders.archives.gov. Barua zao zimepigwa chapa upya, zina maelezo ya wahariri, na ni nyepesi kufunguka hata kwenye simu ya kawaida.

Kwa maandishi ya waliokuwa watumwa, chuo kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill kina docsouth.unc.edu, ambamo utasoma vitabu kamili vya maisha yao. Chuo kikuu cha Maryland kina mradi wa barua na ushahidi wa waliokombolewa wakati wa vita, freedmen.umd.edu, mradi huu hauna mapambo yoyote, lakini kwa swali kama letu hakuna pazuri zaidi. Mradi wa Valley of the Shadow, ulioanzishwa katika chuo kikuu cha Virginia, unalinganisha wilaya mbili, moja ya Kusini, upande uliotetea utumwa, na moja ya Kaskazini, kabla ya vita, wakati wa vita na baadaye.

Hotuba na matamko ya marais yamekusanywa na American Presidency Project ya chuo kikuu cha California, Santa Barbara. Mawasiliano ya kidiplomasia yako history.state.gov. Sheria na mikataba ya zamani utaipata kwa urahisi avalon.law.yale.edu.

Niongeze neno kwa msomaji wa pwani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akawasili Zanzibar kama balozi mdogo. Kitambaa tulichokiita amerikani kilitoka kwenye viwanda vya upande ule. Kwa hiyo historia ya viwanda vya New England, yaani Massachusetts na majimbo jirani, na ya pembe za ndovu zilizonunuliwa na wafanyabiashara wao ina karatasi zinazotutaja, na anayetafuta mada ya utafiti ambayo wenzake hawajaikimbilia anaweza kuanzia hapo.

Hatua ya 4: Tafuta kwa maneno ya zama zile

Kompyuta hutafuta maneno yaliyoandikwa, na watu wa 1865 hawakuandika kama sisi. Ukitafuta "African American" katika magazeti ya karne ya 19 utaambulia kidogo mno. Waandishi wa wakati huo waliandika "colored", "negro" na "freedmen", na wakati wa vita waliotoroka utumwa waliitwa "contraband", neno la bidhaa ya magendo. Ni maneno yanayochoma, na huna haja ya kuyatumia katika sentensi zako mwenyewe, ila katika sanduku la kutafutia huwezi kuyakwepa. Vivyo hivyo vita vyenyewe: magazeti ya Kaskazini mara nyingi yaliviita "the Rebellion", yaani uasi.

Weka kirai chenye maneno mawili au matatu ndani ya alama za kunukuu ili kitafutwe kikiwa kimoja. Kwa mfano wetu, "old master" pamoja na Dayton na mwaka 1865 hutoa matokeo machache unayoweza kuyapitia yote, ilhali Anderson peke yake ni bahari.

Tahadhari: magazeti ya zamani yalipigwa picha, kisha kompyuta ikajaribu kuzisoma picha hizo na kuzigeuza maandishi. Wino ukiwa umefifia, kompyuta hukosea, na Dayton yaweza kuwa Davton. Machapisho ya karne ya 18 yana shida ya ziada, kwa sababu wachapaji walitumia herufi s ndefu iliyofanana na f, hivyo "Congress" husomeka kama "Congrefs". Usipopata kitu, jaribu neno lingine la sentensi ile ile kabla ya kukata shauri kwamba hakipo.

Hatua ya 5: Punguza matokeo

Tumia vichujio vya pembeni: mwaka, jimbo, aina ya waraka, na kile kinachoonyesha vilivyopo mtandaoni tu. Weka tarehe pana kidogo. Barua ya Jourdon Anderson iliandikwa tarehe 7 Agosti, lakini New-York Daily Tribune liliichapisha tarehe 22 Agosti, baada ya kuitoa kwenye gazeti la Cincinnati. Aliyefunga kichujio chake kwenye wiki ya kwanza ya mwezi hakuiona.

Hatua ya 6: Fungua picha yenyewe ya ukurasa, uisome yote

Usiishie kwenye maandishi yaliyogeuzwa na kompyuta, wala kwenye kipande kilichonukuliwa na mtu mwingine. Kipande hukatwa kwa kupenda kwake mkataji. Barua ya Anderson hunukuliwa zaidi kwa kejeli yake, lakini ukiisoma nzima unakutana na mtu anayepiga hesabu. Anasema alimtumikia kanali kwa uaminifu miaka 32 na Mandy miaka 20, kisha anadai dola 25 kwa mwezi kwa ajili yake na dola 2 kwa wiki kwa ajili ya mkewe, jumla dola 11,680. Chukua kikokotoo: 25 mara 12 mara 32 ni 9,600, 2 mara 52 mara 20 ni 2,080, jumla ni 11,680 kamili. Anaongeza riba ya muda wote ambao mshahara ulizuiliwa, na anakubali kukatwa gharama za nguo, za daktari aliyemjia mara tatu, na za jino moja la Mandy lililong'olewa. Hilo jino hulikuti kwenye muhtasari.

Angalia pia kilichochapwa pembeni ya habari yako, kwa kuwa matangazo na bei za bidhaa hukueleza msomaji wa gazeti hilo alikuwa nani. Kwenye barua utakutana na vifupisho: "inst." baada ya tarehe maana yake ni mwezi huu, na "ult." ni mwezi uliopita. Wanafunzi wengi wamekosea tarehe kwa mwezi mzima kwa kutovijua.

Hatua ya 7: Kikague chanzo kabla ya kukiamini

Uliza: nani alisema, nani aliandika, lini, na mbele ya nani? Barua ya Anderson aliiandikisha kwa mtu mwingine, kisha ikachapishwa na wapinzani wa utumwa. Hilo haliifanyi kuwa ya uongo, lakini ni jambo la kutajwa. Wanahistoria wamelilinganisha jina lake na kumbukumbu za sensa, na yumo.

Sensa nazo zina siri zao. Katika madaftari ya watumwa ya 1850 na 1860, watu waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, na kwa kawaida bila jina. Ni sensa ya 1870 iliyowaandika kwa majina waliokuwa watumwa, na ndiyo sababu anayefuatilia ukoo hugonga ukuta hapo.

Sasa ule mtego wa simulizi za 1936 hadi 1938. Wasimuliaji walikuwa wazee sana, na wengi wa waliowahoji walikuwa weupe, katika Kusini iliyokuwa bado na sheria za ubaguzi. Huko Charleston, mama mmoja, Susan Hamlin, ambaye katika nakala nyingine ameandikwa Hamilton, alihojiwa zaidi ya mara moja. Mbele ya mwandishi mweupe alimsifu bwana wake wa zamani. Mbele ya Augustus Ladson, mwandishi mweusi, alieleza viboko na ukatili. Soma simulizi zote mbili, moja baada ya nyingine, na hutahitaji mhadhara wa kukueleza kwa nini jina la mhoji ni sehemu ya chanzo.

Hotuba nazo hubadilika zikisafiri. Maneno maarufu ya Sojourner Truth, mwanamke aliyetoka utumwani akawa mpigania haki, ya kuuliza kama yeye si mwanamke, hayamo katika taarifa iliyochapishwa na gazeti la Anti-Slavery Bugle la Ohio tarehe 21 Juni 1851, wiki chache baada ya yeye kuhutubia huko Akron. Yamo katika toleo la mwaka 1863 la Frances Gage, aliyeongoza mkutano ule wa Akron, toleo lililompa lafudhi ya watumwa wa Kusini, ilhali Truth alizaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Ukikuta matoleo mawili, tumia lililo karibu zaidi na tukio, na ulitaje lile jingine.

Mwisho, ziko nyaraka za kughushi. Inayotumwa zaidi katika makundi yetu ya simu ni ile iitwayo barua ya Willie Lynch, inayodaiwa kuwa hotuba ya mwaka 1712 kando ya mto James, Virginia, ya kuwafundisha mabwana namna ya kuwagawanya watumwa. Haina nakala ya asili katika hifadhi yoyote, ilianza kuenea miaka ya 1990, na ina maneno ya Kiingereza ambayo mwaka 1712 hayakuwepo. Ninaelewa kwa nini inavutia, lakini usiiweke kwenye kazi yako kama ushahidi wa karne ya 18.

Hatua ya 8: Hifadhi na uandike rejea papo hapo

Pakua nakala ndogo ya picha au ya PDF. Faili la picha la aina ya TIFF ni kubwa kupita kiasi. Nilimaliza bando la wiki nzima kwa kupakua ramani moja kabla sijajifunza hivyo. Kisha andika jina la waraka, mwandishi, tarehe ya waraka, jina la mkusanyiko, taasisi inayoutunza, anwani ya ukurasa na siku uliyoufungua. Nakili anwani ya kudumu iliyo kwenye ukurasa wa waraka wenyewe, kwa sababu ile ya juu ya kivinjari wakati wa kutafuta huweza kuwa ya muda tu. Usiandike "Google" kama chanzo.

Kuhusu haki miliki, nyaraka zilizoandikwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani katika kazi zao, na machapisho ya nchini humo yaliyotoka zaidi ya miaka 95 iliyopita, ni huru kutumiwa. Kwa picha na barua za watu binafsi za miaka ya karibu, soma maelezo ya haki yaliyo chini ya kila waraka.

Ukikwama

*Hakuna matokeo kabisa.* Ondoa alama za kunukuu, punguza maneno, badilisha tahajia, panua miaka. Bado hakuna? Rudi hatua ya 1: huenda karatasi hiyo ilitunzwa na jimbo au chuo kikuu, wala si serikali kuu. Jaribu dp.la, inayotafuta katika maktaba nyingi za Marekani kwa mara moja.

*Matokeo ni maelfu.* Ongeza jina la mji au la mtu.

*Ukurasa haufunguki au unachelewa mno.* Tafuta kitufe cha kuonyesha maandishi badala ya picha, usome humo kwanza ili ujue kama habari inakufaa, kisha uisubiri picha.

*Kitabu kinafunguka kwa walioko Marekani tu.* Hili hutokea HathiTrust, maktaba ya vitabu ya mtandaoni. Tafuta kitabu hicho hicho archive.org.

*Kiungo kimekufa.* Kibandike kwenye Wayback Machine ya archive.org, mara nyingi nakala ya zamani imehifadhiwa.

*Sensa ya 1890 haionekani.* Usijichoshe, kwa maana sehemu yake kubwa iliharibiwa na moto wa mwaka 1921. Tumia ya 1880 na ya 1900. Sensa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, hivyo ya karibuni zaidi unayoweza kusoma majina yake ni ya 1950.

*Mwandiko hausomeki.* Angalia kama pana nakala iliyopigwa chapa, kwani Maktaba ya Bunge ina watu wa kujitolea wanaonakili barua za mkono. Kama haipo, tafuta kwanza neno unalolijua, mfano jina la mwezi, uone mwandishi alivyoziumba herufi zake, kisha usome mengine kwa kulinganisha.

*Umemaliza yote haya na bado.* Maktaba ya Bunge na Hifadhi ya Taifa zina sehemu ya kuwauliza wakutubi kwa maandishi, bila malipo, hata ukiwa nje ya Marekani. Waandikie kwa ufupi swali lako, wapi umeshatafuta na kwa maneno gani. Lile daftari ulilokuwa ukilijaza tangu mwanzo ndilo litakaloandika nusu ya barua hiyo.